Uzi, Kijiti au Brashi: Tusafishe Vipi Kati ya Meno?

Kipindi cha afya ya familia. Nakala hii imechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, na kwa yeyote ambaye redio yake imeishiwa betri.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Kama uko Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda, Kakuma nchini Kenya, au katika kambi nyingine mbali na nyumbani, karibu usogee. Na wewe uliyeishika karatasi hii mkononi, karibu usome polepole. Ukiwa na jirani asiyejua kusoma, mwite umsomee.

Tuanze na jambo dogo ambalo unaweza kulifanya sasa hivi. Pitisha ulimi wako juu ya meno ya mbele. Kisha upitishe juu ya magego, upande wa ndani na upande wa shavu. Ulimi unafika kote huko. Sasa jaribu kuupenyeza pale jino linapokutana na jino mwenzake. Hauingii, sivyo? Basi ujue na mswaki wako hauingii pale. Unaweza kupiga mswaki asubuhi na jioni, kwa dawa nzuri ya meno, na bado ukaacha mahali hapo vilevile kama palivyokuwa.

Leo tunazungumza kuhusu mahali hapo. Tutaangalia ni kifaa gani utumie kusafisha kati ya meno ukiwa nyumbani kwako, kwa vitu unavyoweza kuvipata, bila kujiumiza.

(MUZIKI MFUPI)

KWA NINI TUHANGAIKE NA MAHALI PADOGO HIVYO?

Gego moja lina pande tano. Upande wa juu unaotafuna, upande wa shavu, upande wa ulimi, na pande mbili zinazotazamana na meno ya jirani. Mswaki unasafisha vizuri pande tatu za kwanza. Zile mbili za kati zinabaki.

Humo kati chakula kinanasa. Lakini tatizo kubwa zaidi ni ule utando laini, mweupe au wa njano, ambao wazee wetu wanauita ukoga. Ukoga ni makazi ya vijidudu. Kila ukila ugali, mkate, biskuti au chai yenye sukari, vijidudu hivyo navyo vinakula, kisha vinatoa asidi inayolimong'onyoa jino. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na meno meupe yanayopendeza kwa mbele, kumbe katikati yake yameshaanza kutoboka.

Ukoga ukiachwa siku nyingi hugeuka mgumu kama jiwe. Hapo hautoki tena kwa mswaki wala kwa uzi. Mpaka mtaalamu aukwangue. Wakati huohuo ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Ukiendelea kupuuzwa, mfupa unaoshika jino unaliwa kidogo kidogo, jino linaanza kucheza, na mwisho linatoka. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa hiyo si aibu yako peke yako, wala si laana ya ukoo.

Sisi tulio kambini tuna sababu nyingine ya kujali. Katika kambi nyingi mtaalamu wa meno hayupo kila siku, na foleni yake ni ndefu. Jino likishaharibika sana, tiba inayopatikana mara nyingi ni kung'oa. Jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena. Mama akipoteza magego yake, hata mahindi ya mgao yanamshinda kutafuna. Kuzuia ni rahisi kuliko kutafuta meno mapya.

MASWALI MATATU YA KUCHAGULIA KIFAA

Sikiliza vizuri hapa, na kama una kalamu, andika. Kabla ya kuingiza kitu chochote kati ya meno yako, kiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, kinaingia bila kulazimishwa?

La pili: Je, kiko salama, yaani hakichomi, hakikati, wala hakivunjikii ndani?

La tatu: Je, ni kisafi, na ni changu mimi peke yangu?

Kifaa kikijibu "ndiyo" mara tatu, kitumie. Kikishindwa swali hata moja, kiweke chini, hata kama umekitumia miaka yote. Bei yake si hoja. Kuna kifaa cha dukani kitakachokuumiza kwa sababu ni kinene kuliko mwanya wako, na kuna uzi wa fundi cherehani utakaokufaa kabisa.

Kuhusu huyo fundi cherehani, hebu tusikilize igizo fupi.

(SAUTI YA CHEREHANI. SAUTI ZA SOKO KWA MBALI)

FUNDI: Karibu mama, karibu kiti. Leo umeniletea nini, kitenge au suruali ya mzee?

MAMA: Asante fundi. Leo sikuleta nguo. Nataka uzi tu.

FUNDI: Uzi upo. Wa rangi gani?

MAMA: Mweupe. Ni wa kuweka kinywani.

FUNDI: (ANACHEKA) Kinywani? Unataka kumshona nani mdomo, mama? Mzee au wale majirani?

MAMA: (ANACHEKA) Ningeanza na wewe, fundi! Ni wa kusafishia meno. Mhudumu wa afya alipita kwetu, akatuonyesha.

FUNDI: Mimi ninayo yangu hapa. Pini hii. Nikimaliza kula nyama, nachokonoa mara moja, kazi imekwisha.

MAMA: Pini hiyohiyo ya nguo?

FUNDI: Hiyohiyo. Miaka sita sasa.

MAMA: Na hilo shavu, fundi? Mbona limevimba?

FUNDI: (ANANYAMAZA KIDOGO) Ni jino, mama. Tangu juzi. Linauma hasa usiku.

MAMA: Fundi, ngozi ya mtu si kitenge. Kitenge ukikitoboa kwa pini hakitoki usaha. Funga cherehani, nenda zahanati leo. Uzi nitaufuata kesho.

FUNDI: Na wateja?

MAMA: Wateja watasubiri. Shavu halisubiri.

(SAUTI YA CHEREHANI INASIMAMA. MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Huyo mama amesema kweli. Pini inatoboa ufizi, na tundu hilo linakuwa mlango wa vijidudu. Sasa tupitie vifaa kimoja kimoja.

KIFAA CHA KWANZA: UZI

Kwa meno yaliyobanana, uzi ndio unaofaa. Ukipata uzi maalumu wa meno dukani, ni sawa. Mara nyingi umepakwa nta ili uteleze, na haukatiki ovyo.

Usipoupata, usione haya kutumia uzi mwingine. Uzi wa kwanza kusifiwa kwa kazi hii haukuwa wa kiwandani kama wa leo. Mwaka 1819 daktari wa meno wa mji wa New Orleans, Marekani, aliyeitwa Levi Spear Parmly, aliandika kitabu akiwashauri watu wapitishe uzi wa hariri uliopakwa nta katikati ya meno yao. Wakati huo hata mswaki wa nailoni haukuwepo.

Uzi wa kushonea unaweza kutumika kama uko hivi: ni mpya, ni safi, haujaguswa na mafuta ya cherehani, na ni mweupe, kwa sababu rangi za nyuzi hazikutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Uhifadhi kwenye kikopo au mfuko safi wenye kufungwa. Ukiwa na nta safi ya nyuki, uvute uzi juu yake mara moja au mbili ili uteleze. Ila kumbuka kwamba uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko uzi wa meno. Ukiubamiza kwa nguvu, utakata ufizi. Ushushe polepole.

Nyuzi gani tuziache? Acha uzi unaochomoa kwenye gunia la mgao. Kingo zake zinakata, na gunia hilo limelala kwenye ghala na kwenye lori, ambako panya na dawa za wadudu hupita. Acha uzi wa nyavu na wa ndoana, maana ni mgumu na unachana. Acha uzi wa kusukia nywele.

KIFAA CHA PILI: KIJITI

Hapa nazungumzia vile vijiti vya mbao vya kuchokolea meno, vinavyouzwa kwa pakiti. Vinafaa kutoa kipande cha nyama au nyuzi za embe kilichonasa mahali penye mwanya. Havifai kwa meno yaliyobanana. Ukikisukuma kijiti mahali palipobana, kitafanya moja kati ya mambo mawili: kitauchoma ufizi au kitavunjikia ndani.

Kitumie hivi. Kilowanishe kwanza kwa mate au maji safi ili kilainike. Kilaze, usikisimamishe kama mkuki. Kipitishe kikigusa ubavu wa jino, si nyama. Kikikataa kuingia, kubali yaishe, chukua uzi. Ukimaliza kitupe. Usikiweke nyuma ya sikio kwa ajili ya kesho, na usilale wala kutembea nacho mdomoni, kwa sababu mtu anaweza kukimeza.

Njiti ya kiberiti si kijiti cha meno. Ni nene, inatoa vibanzi, na kichwa chake kina kemikali.

KIFAA CHA TATU: MSWAKI WA MTI

Wengi wetu tumelelewa na mswaki wa mti. Neno lenyewe mswaki limetoka kwenye Kiarabu, na hapo mwanzo lilimaanisha kijiti hicho hasa, kabla ya mswaki wa plastiki kuja kulirithi jina. Ukiwa Kakuma, mti wa mswaki unaota katika nchi kavu ya Turkana. Kwingine watu hutumia mwarobaini.

Mswaki wa mti ukitafunwa vizuri mpaka ncha yake ikawa kama brashi, unasafisha pande za nje na za ndani za jino. Usiudharau. Lakini kwa pale kati tunapopazungumzia leo, nyuzi zake zinafika mlangoni tu. Kwa hiyo utumie, kisha umalizie na uzi.

Tahadhari tatu. Usitumie tawi la mti usioujua. Usitumie kamwe mnyaa, ule mmea wa uzio wenye utomvu mweupe kama maziwa, kwa sababu utomvu wake unaunguza kinywa na macho. Na usiende peke yako porini, mbali na kambi, kutafuta kijiti cha mswaki. Usalama wako ni muhimu zaidi. Muulize mzee au mwenyeji ni miti gani inaruhusiwa kukatwa, na ni ipi inayotumika.

KIFAA CHA NNE: BRASHI NDOGO YA KATI YA MENO

Hiki ni kibrashi kidogo kama cha kusafishia chupa, lakini chembamba sana, chenye kishikio. Kinafaa watu wenye mianya mikubwa, hasa wazee ambao fizi zao zimeshuka, na mahali ambapo jino la jirani limeshang'olewa. Kinaingizwa taratibu na kutolewa, mara mbili au tatu, kila mwanya.

Vina ukubwa mbalimbali. Kinachokufaa ni kile ambacho nywele zake zinagusa pande zote mbili za mwanya, lakini waya wake wa katikati haukwaruzi. Unaweza kukiosha na kukitumia tena, wewe mwenyewe tu, mpaka nywele zilale au waya upinde.

Je, kinashinda uzi? Mwaka 2019 wataalamu walichapisha uchambuzi wa majaribio 35 ya vifaa vya kusafishia kati ya meno. Walisema kwamba ukiongeza uzi au brashi ndogo juu ya mswaki, fizi huenda zikapata nafuu kuliko kutumia mswaki peke yake, na kwamba brashi ndogo huenda ikaushinda uzi. Walisema pia kwamba ushahidi wenyewe bado si wa nguvu. Kwetu sisi maana yake ni hii: ukipewa brashi hiyo, itumie. Usipokuwa nayo, usiuze unga wa watoto ili uinunue.

VITU VYA KUKATAA KABISA

Pini, sindano, waya, spoku ya baiskeli, ncha ya kisu, wembe, msumari, mwiba, mfupa wa samaki, ukucha mrefu. Vyote hivi vinashindwa swali la pili. Vinachana ufizi na kukwaruza jino, na vile vya chuma vikiwa na kutu au uchafu, vinaingiza ugonjwa moja kwa moja kwenye jeraha.

JINSI YA KUTUMIA UZI, HATUA KWA HATUA

Moja. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Mikono iliyotoka kupanga kuni isiingie kinywani.

Mbili. Pima uzi kwa mkono wako: kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Hiyo ni kama sentimita 45, inatosha kinywa kizima.

Tatu. Zungushia ncha moja kwenye kidole cha kati cha mkono huu, na ncha nyingine kwenye kidole cha kati cha mkono ule. Bakiza katikati kipande kifupi, kama upana wa vidole viwili. Kiongoze kwa vidole gumba na vya shahada.

Nne. Ingiza uzi kati ya meno kwa kuupeleka mbele na nyuma taratibu, kama mtu anayekata kwa msumeno bila haraka. Usiubamize chini kwa ghafla.

Tano. Ukishapita, ukumbatishe kwenye ubavu wa jino moja, uwe umepinda kama mwezi mchanga. Upandishe na kuushusha mara nne au tano, ukiingia kidogo chini ya ukingo wa ufizi. Kisha ukumbatishe jino la pili, ufanye vilevile. Hapa wengi wanakosea. Wanaupitisha uzi, wanautoa, wanadhani wamemaliza. Kumbe ukoga umeshika ubavuni mwa jino, na haujaguswa.

Sita. Sogea mwanya unaofuata, ukitumia sehemu safi ya uzi. Usisahau nyuma ya gego la mwisho.

Saba. Sukutua kwa maji safi. Kikombe kimoja kinatosha; tunajua maji yanapangiwa foleni. Kisha piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi kama unayo. Uzi uliotumika utupe kwenye shimo la taka, watoto wasiuchezee.

Fanya hivi mara moja kwa siku. Usiku kabla ya kulala ndio wakati mzuri, maana usingizini mate hupungua na kinywa hukosa kinga yake. Kama mishumaa au betri ya taa ni shida, fanya jioni mara baada ya kula, mwanga ukiwepo bado. Hata ukianza na meno ya chini tu wiki hii, umeanza.

Na kama kitu kimenasa na hakitoki? Funga fundo dogo katikati ya uzi, uupitishe, kisha uuvute pembeni. Fundo litakisukuma nje. Kama uzi unachanika au kukatika kila siku mahali palepale, huenda pana tundu kwenye jino hilo. Mwonyeshe mhudumu wa afya.

(MUZIKI MFUPI)

NIMEANZA, LAKINI NATOKA DAMU

Hapa ndipo wengi wanapoacha. Mtu anatumia uzi siku ya kwanza, anaona damu, anasema, "Kitu hiki kinaniumiza." Anautupa uzi.

Msikilizaji, mara nyingi si uzi uliokuumiza. Ufizi ulikuwa umevimba tayari kwa sababu ya ukoga, na ufizi uliovimba unatoka damu ukiguswa. Dawa yake ni kuendelea kusafisha, kwa upole, kila siku. Kwa watu wengi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Unaweza pia kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe. Usiyameze.

Na damu isipopungua baada ya wiki mbili? Usilazimishe, nenda kituo cha afya. Huenda kuna ukoga mgumu, au kuna sababu nyingine mwilini. Kisukari, kwa mfano, huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Sababu nyingine ni chakula. Kati ya mwaka 2017 na 2018, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini waliokuwa Kakuma walianza kufika kliniki wakiwa na maumivu ya miguu na fizi zilizovimba. Ilionekana kuwa ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Chakula chao kilikosa matunda na mboga. Walipopewa vitamini C walipata nafuu. Uzi hata wa dhahabu usingewaponya. Kwa hiyo ukiona fizi zako zinavimba na kutoka damu, miguu inauma, na mwili umechoka bila sababu, mweleze mhudumu yote matatu kwa pamoja, na umweleze unakula nini. Ukipata pera, embe, chungwa au nyanya, kula bila kupika. Mchicha na lengalenga usivipike muda mrefu, maana vitamini hiyo huharibiwa na moto.

KILA MTU NA CHAKE

Turudi kwenye swali la tatu. Katika nyumba moja mnaweza kulala watu wanane, na mswaki mmoja ukawa wa wote. Tunaelewa hali. Lakini vifaa vinavyogusa fizi vinagusa damu, na ugonjwa wa ini wa hepataitisi B unaweza kupita kwa damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Uzi hausumbui hapo, maana kila mtu anakata wake. Brashi na miswaki iwekeeni alama: funga kipande cha kitambaa cha rangi tofauti kwa kila mtu, au kata kialama kwenye kishikio. Viacheni vikauke vikiwa vimesimama, mbali na choo na mbali na nzi.

WATOTO, WAJAWAZITO NA WAZEE

Mtoto huanza kuhitaji uzi pale meno yake mawili yanapogusana. Ni wewe mzazi unayemfanyia. Mlaze kichwa mapajani mwako, fanya kwa mchezo na wimbo, haraka na kwa upole. Mtoto mdogo usimpe kijiti ashike mwenyewe.

Mama mjamzito, fizi zako zinaweza kutoka damu kuliko kawaida kwa sababu ya mabadiliko ya mimba. Usiambiwe kwamba ni marufuku kugusa meno. Endelea kusafisha, na siku ya kliniki ya wajawazito mwonyeshe mkunga.

Baba na mama wazee, mianya yenu imepanuka, na mikono pengine inatetemeka. Uzi ukiwashinda, tumieni brashi ndogo kama ipo, au kijiti kilicholowanishwa. Mjukuu anaweza kusaidia. Mikono ile ile iliyomlea naye sasa anaweza kuihudumia.

USISUBIRI: DALILI ZA HATARI

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, acha kazi zote, ukiona: shavu au taya limevimba pamoja na homa, shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo, uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, damu isiyokatika.

Na mzazi, hasa kama mtoto wako ametoka kuugua surua au amedhoofika kwa kukosa lishe: ukiona kidonda kwenye ufizi wake, harufu mbaya sana kinywani, na shavu linaanza kuvimba, mkimbize zahanati. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka noma kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa mwanzoni, dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula bora huuzuia. Ukichelewa, unaharibu uso au kuua. Usijaribu kukitoboa kidonda hicho nyumbani.

(MUZIKI UNAINGIA CHINI YA SAUTI)

TUKUMBUSHANE

Mswaki haufiki kati ya meno. Uzi unafaa meno yaliyobanana. Kijiti na brashi ndogo vinafaa penye mwanya. Chuma na miiba, hapana. Damu ya siku za mwanzo isikufanye uache, lakini damu ya zaidi ya wiki mbili ikupeleke kituoni. Na kila mtu awe na chake.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu mnatumia nini kutoa chakula kilichonasa kati ya meno? Kipitisheni kwenye maswali matatu. Kinajibu nini?

2. Ni nani katika block au kijiji chenu anayeweza kupata uzi mweupe safi? Mnaweza kununua gurudumu moja kwa pamoja na kugawana?

3. Mtaalamu wa meno huja siku gani katika kituo chenu? Nani atauliza na kuwaletea majibu wiki ijayo?

4. Mmoja wenu aonyeshe mbele ya wengine jinsi ya kupima uzi na kuuzungushia vidoleni. Kisha kila mtu ajaribu.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, fundi wetu wa kwenye igizo alikwenda zahanati jioni ileile, akarudi cherehanini baada ya siku tatu. Pini zake sasa zinashika nguo tu. Wewe nawe, usiku wa leo kabla ya kuzima taa, pima uzi kutoka kiwiko mpaka kidole. Anza na mwanya mmoja.

Hadi kipindi kijacho, ubaki salama, wewe na wote unaokula nao.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNAISHA)